Unyayo kwenye Mfuko wa Saruji

Jumapili, Mkumbi. Mvua imepiga tangu asubuhi, sasa yamebaki manyunyu na ukungu unaopanda kutoka bondeni. Maharage yako jikoni yanachemka kwa mwendo yanaoutaka yenyewe, na mimi nimekaa mlangoni na simu mkononi, naandika. Kesho shule zinafunguliwa. Oti wangu anaanza darasa la kwanza.

Nimechoka, lakini sijutii. Tangu Ijumaa nilikuwa vitani, na vita vyenyewe vilikuwa vya viatu.

Oti ni Otilia, binti yangu wa miaka sita. Likizo yote alikuwa kwa bibi yake, mama mzaa baba, kule Kihagara ufukweni mwa ziwa. Amerudi kaiva kwa jua, ana mchanga mpaka masikioni, na ananichanganyia Kinyasa ambacho mimi Mmatengo sikielewi, na hiyo ndiyo raha yake. Halafu kuna miguu. Mtoto ametembea peku mchangani likizo nzima, kila kidole kimejitafutia nafasi yake. Nilipomwogesha siku ya kwanza nilicheka, nikamwambia ameondoka na miguu yake akarudi na ya baba yake.

Alirudi Alhamisi, akiletwa na Bibi mwenyewe. Mama mkwe wangu akija hapandi mikono mitupu. Alishuka na ndoo ya dagaa, samaki wa mbasa waliokaushwa, unga wa muhogo, na katikati ya kanga zake boksi lililofungwa vizuri kuliko vyote. Viatu vya shule. Vyeusi, vya ngozi, vya mkanda, vinang'aa hata unaogopa kuvishika na mikono yenye masizi.

"Mwenzangu hataanza shule na kandambili," alisema, akimtazama mjukuu wake na sio mimi.

Hapa sitadanganya. Nilichukia kidogo. Viatu vya kwanza vya shule nilitaka kuvinunua mimi. Nilishavifikiria nikiwa kwenye cherehani, nikishona sare za watoto wa wenzangu. Lakini utasema nini mbele ya mama mkwe aliyepanda milima yote hii na boksi kifuani? Nilipiga magoti nikashukuru, na shukrani yenyewe ilikuwa ya kweli. Chuki ilikuwepo, na shukrani ilikuwepo. Mtu anaweza kubeba vyote viwili.

Oti alivaa palepale. Nikamuuliza kama vinamtosha.

"Vinanitosha," akajibu, haraka mno.

Mimi ni fundi nguo. "Inanitosha" ya mtu aliyebana tumbo ninaifahamu, naisikia kila wiki. Mteja anasimama mbele ya kioo hapumui, anakwambia fundi umepatia, na akifika tu nyumbani zipu inapasuka. Ile "vinanitosha" ya Oti ilikuwa ya namna hiyo. Nikabonyeza mbele ya kiatu, nikakutana na kidole gumba papo hapo. Lakini Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka akimwangalia mjukuu, uso wote umefunguka, na mimi nikameza maneno yangu na chai.

Nilijiambia ngozi italegea.

Huku kwetu ugonjwa wa viatu vya watoto ni mwingine kabisa. Huku tunanunua vikubwa. "Atakua tu," ndiyo dua yetu. Tunajaza matambara mbele, mtoto anaburuza, na siku miguu inapofika kwenye kiatu, kiatu kimeshatoboka. Nimekua hivyo, na kaka zangu wamekua hivyo. Niliapa zamani kwamba mwanangu atavaa kiatu cha mguu wake wa leo, sio wa miaka ijayo. Sikutegemea kwamba nitaletewa kiatu cha mguu wake wa jana.

Ijumaa nikamtuma Oti dukani akanunue chumvi, avae viatu avizoeze. Duka liko chini, njia ya shuleni hiyohiyo. Kihagara ni tambarare, mtoto anaweza kutembea na kiatu kifupi asijue. Huku nchi imesimama. Mama mkwe husema sisi Wamatengo tunaishi ukutani. Na ukishuka ukutani, mguu wote unakimbilia mbele.

Nilimwona akipanda kurudi. Alikuwa anatembea upande upande, akishika miche ya kahawa mmoja baada ya mwingine, chumvi kaibana kwapani. Nikamkalisha nyuma ya nyumba, nikamvua soksi. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa umevilia damu, mweusi. Kidole cha mwisho kimechubuka, soksi imegandia.

Nikamuuliza kwa nini alisema vinamtosha.

"Bibi atalia," akasema.

Mtoto wa miaka sita anaficha damu kwenye soksi ili bibi yake asilie.

Nilisimama pale na ile soksi mkononi, na kitu ndani yangu kikanyooka. Nikaamua. Mwanangu hatashuka kilima kile akichechemea. Kama Bibi atalia, alie nimbembeleze. Kama mume wangu atanuna, anune. Nitampima huyu mtoto miguu mwenyewe, hapa nyumbani, na Jumatatu atavaa kiatu kinachomfaa.

Futi yangu ya kitambaa niliiacha kwenye cherehani, kule senta ninakoshonea. Ila ukutani, kwenye msumari, ilikuwepo ile futi ya chuma ya mume wangu. Baba Oti ni fundi seremala. Anatengeneza milango, vitanda, madawati, na kile kingine ambacho watu huja kukiagiza kwa sauti ya chini, bila kukitaja jina.

Sikuwaza. Ninasema kweli, hasira ilikuwa imenijaa kiasi kwamba niliona chuma chenye namba tu. Nikamsimamisha Oti sakafuni, nikaivuta futi, nikailaza ubavuni mwa mguu wake.

Bibi alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Ungo ukaanguka. Mchele wote ukamwagika barazani.

"Mama Oti! Kwani mtoto amekufa?"

Nilishtuka hata futi ikajirudi yenyewe ikanikata kidole. Nikasema napima miguu tu, Mama, viatu vinambana.

"Mtu anayepumua hapimwi," akasema. "Wewe una mwanao yuko hai, unamlazia futi ya majeneza!"

Akamchukua Oti, akaingia naye chumbani, akafunga mlango. Mchele niliuokota punje kwa punje, kuku wakinisaidia upande wa pili.

Jioni hakula. Nilipeleka ugali wa muhogo alioleta mwenyewe, ukarudi ulivyokwenda. Baba Oti aliporudi nikamweleza. Akaitazama futi, akautazama mlango uliofungwa, akasema, "Hii ungeiacha msumarini." Nikamuuliza, na miguu ya mtoto? Akasema mama ni mama. Kisha akaenda kuangalia nguruwe. Mume wangu maneno ya wanawake yakimzidi, nguruwe wetu hupata uangalizi mzuri sana.

Nilikuwa na hasira naye, na Bibi, na nafsi yangu. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu yule mama: macho yamekwisha, kanunua kwa kukisia, na sasa anajificha nyuma ya mambo ya kizamani. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Jumamosi asubuhi nikaamua sitakwepana na mtu ndani ya nyumba yangu. Nikamkuta jikoni, amejifunika kanga mbili na koti la mwanawe, anauota moto. Baridi ya huku haimpendi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nikamwekea chai. Nikakaa chini, karibu. Halafu akaanza mwenyewe, akiwa anautazama moto.

Kabla ya Baba Oti alikuwepo binti. Esta. Mimi nimeolewa humu miaka yote hii na jina hilo sikuwahi kulisikia. Homa ilimchukua akiwa na umri kama wa Oti sasa. Kwao, kaburi hupimwa kwa tete, mwanzi wa ziwani. Wanaume huingia na tete bichi, hulilaza pembeni ya aliyelala, kichwani mpaka miguuni, hulikata pale, wakaenda nalo kuchimba.

"Walipolikata," akasema, "nikaona lilivyo fupi."

Nililia, naye akanipa ncha ya kanga yake nifute, kana kwamba aliyefiwa ni mimi.

Ndipo akanieleza alivyompima Oti. Hakutaka tete limguse. Alimpeleka ufukweni, akamsimamisha kwenye mchanga mbichi, akamwambia kanyaga kwa nguvu, toka. Akaenda kukata tete pale kwenye matete, akarudi, akaupima unyayo. Unyayo sio mtu. Tete likaenda naye gulioni, likaingia kwenye kiatu, likatosha. Sio macho yaliyokwisha. Alipima kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumpimia mteja yeyote.

Niliona aibu kwa yale niliyoyafikiri usiku.

Lakini kidole cha Oti kilikuwa bado cheusi.

Hapo ndipo nilipokuwa Jumamosi asubuhi. Futi sikuweza kuigusa tena, hata ile ya kitambaa. Nilijaribu kuifikiria mguuni mwa mwanangu nikaona tete. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na kilima kiko palepale. Kumlazimisha Mama nisingeweza. Kumwacha Oti aumie sikutaka. Nikajiambia lazima iko njia, na kama haipo nitaitoboa.

Njia ikaingia yenyewe ndani, na matope.

Mchana mvua ilikatika kidogo. Nilikuwa nimemaliza kupiga deki sebuleni, bado nimeshika tambara, Oti akapita mbio kutoka uani kufuata kuku. Peku. Udongo wetu mwekundu unaujua, ukishika umeshika. Nikafungua mdomo nimpigie kelele za kutosha kusikika bonde la pili. Kelele hazikutoka. Sakafuni, kwenye saruji, kulikuwa na nyayo zake. Kisigino, upinde wa mguu, vidole vyote vimehesabika. Sakafu haikuzinywa, haikuzimeza. Zilikaa pale zikinitazama.

Unyayo sio mtu. Na saruji sio mchanga.

Nilikimbilia kwenye banda la mume wangu nikatafuta mfuko mtupu wa saruji, ule wa karatasi. Nikaupasua, nikakung'uta vumbi, nikageuza upande wa ndani ulio safi. Halafu nikamwendea Mama.

"Mama, naomba uje unipimie mtoto."

Akanitazama kwa shaka.

"Kwa unyayo," nikasema. "Vilevile ulivyofanya wewe. Hakuna cha kumgusa."

Akafikiri. Akauliza ni wapi huku kuna mchanga. Nikamwonyesha karatasi. Akaishika, akaikunja, akaikunjua, akainusa. "Haya," akasema. "Leta maji ya matope."

Nikamwomba tusubiri jioni. Hili ni la ufundi. Mwili wa asubuhi sio wa jioni, kila fundi anajua. Nina mteja alipimwa gauni kabla ya kula, akaja kunigombeza baada ya ubwabwa. Mguu nao hivyohivyo, ukishatembea siku nzima unajaa. Mtoto atatoka shuleni mchana na mguu wa mchana, kwa hiyo tumpimie mguu uliochoka. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akasema, "Nyie watu wa ukutani mna visingizio." Lakini akasubiri.

Jioni tukaweka karatasi barazani. Oti akaingiza miguu kwenye beseni la maji ya matope, akicheka kwa sababu yalimtekenya. Mama ndiye aliyesimamia, na alisimamia kweli. Simama wima, usimwegemee mama yako, uzito miguu yote miwili, usikunje vidole, tazama mbele. Oti akasimama kama yuko kwenye paredi. "Toka sasa. Juu, usiburuze."

Akatoka. Zikabaki nyayo mbili nyekundu.

Tuliinama wote wawili kuzitazama, mimi na mama mkwe wangu, vichwa vikakaribia kugongana. Mguu wa kushoto ulikuwa umeuzidi wa kulia, unaonekana kwa macho. Miaka sita nimemwogesha huyu mtoto sikuwahi kujua. Nikamwambia Mama tufuate wa kushoto, maana nguo hushonwa kwa upande mkubwa, mdogo utajisitiri.

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa tete.

Alikuwa amekuja nalo. Nadhani alitaka kunionyesha kwamba alipima sawasawa. Akalilaza juu ya karatasi, pembeni ya unyayo, polepole. Likaanzia kisigino. Likaishia kabla ya vidole.

Aliligeuza upande wa pili, kana kwamba tete lina upande mrefu. Likaishia palepale.

"Lakini nilipima," akasema. "Nilipima mwenyewe."

Sauti ile sikuipenda. Nilikuwa tayari kusema miguu imekua, Mama, watoto hukua haraka, uongo wowote ule. Oti akaniwahi. Alikuwa bado amesimama pembeni na matope yake.

"Bibi, ulipoenda kukata tete wimbi lilikuja."

Tukamgeukia.

"Likaharibu vidole," akasema. "Mimi nikavitengeneza upya kwa mkono. Nikavichora vizuri."

Mama akamwangalia mjukuu wake. Mimi nikamwangalia Mama. Baba Oti, aliyekuwa ametoka kwa nguruwe na kusimama nyuma yetu muda wote, akakohoa. Halafu Mama akaanza kucheka. Alicheka hata akakaa chini barazani, akajipiga paja, machozi yakamtoka. "Ziwa limemla mwenzangu vidole," akasema, "na mwenzangu kajichorea vingine!" Oti alikuwa anatutazama mmoja mmoja, hajui kama anapigwa au anapongezwa. Bibi akamvuta mapajani, matope na yote. Ndipo Oti akamwonyesha ule ukucha, mwenyewe, bila kuulizwa. Bibi akaushika mguu kwa mikono miwili, akaupuliza kwa muda mrefu. Cheko lilikuwa limekwisha. Akamwambia, "Siku nyingine kikikuuma niambie. Nikilia, nitanyamaza."

Tete akalivunja vipande, akalitia motoni chini ya sufuria.

Leo baada ya ibada tukaenda Mbinga mjini. Mama ni Mwanglikana lakini alikuja kusali nasi, akaimba kwa sauti kuliko kwaya yetu. Karatasi nilikuwa nimeikata usiku wa jana kufuata unyayo. Nilitumia mkasi wa zamani, mkasi wa kitambaa haukati karatasi hata kwa mwanangu. Mbele ya vidole niliongeza nafasi, upana wa kidole gumba changu. Nguo bila nafasi ni bandeji, na mtoto anapaswa kupata pa kukulia bila kuogelea. Tulipanda mshikaki kwenye bodaboda, dereva, Mama katikati, mimi nyuma na mwavuli usiosaidia kitu. Oti tulimwacha na baba yake, mshikaki wa watu wanne nimeukataa.

Sokoni Mama hakuniachia karatasi. Aliishika yeye. Kiatu cha kwanza, akaingiza, karatasi ikajikunja mbele. Akarudisha. Cha pili kilikuwa kirefu, karatasi ikacheza ndani. Muuzaji akasema ile dua yetu, chukua tu mama, mtoto atakua. Nilishavuta pumzi nimjibu, nina majibu ya miaka mingi. Mama akaniwahi.

"Baba, huyu anaanza kesho. Mwaka kesho tutakuja tena."

Akaendelea kuingiza karatasi. Muuzaji alichoka, akakaa. Watu walianza kutazama, mmoja akauliza kama ni dawa. Mama hakujali, na mimi nilisimama nyuma yake nimeshika mwavuli, nikijivuna utadhani ni mama yangu wa kunizaa. Mwishowe karatasi ikaingia, ikalala, ikatulia. Haikujikunja wala haikucheza. Mama akabonyeza mbele kwa kidole. Akabonyeza tena. Akanipa nibonyeze.

Tukanunua.

Tulipofika nyumbani sikutaka kusikia "vinanitosha" ya mtu yeyote. Nikamvalisha soksi mbili kwenye mguu wenye kidole kibovu, nikamfunga mkanda, nikampeleka ukingoni nyuma ya nyumba, pale njia inaposhuka mpaka kwenye kichanja kitupu cha kuanikia kahawa. Hakuna mahali pakali zaidi kwenye shamba letu. Nikamwambia shuka, halafu panda.

Mvua ilikuwa inanyesha. Tulisimama watatu chini ya mwavuli mmoja, Baba Oti bega moja nje. Oti akaanza taratibu, mkono umenyooshwa kutafuta mche wa kahawa. Hakuushika. Akapita wa pili, akaurudisha mkono. Katikati ya mteremko akaanza kukimbia, nikapiga kelele asianguke, asichafue viatu, asifanye hivi wala vile, na kelele zangu hakuna aliyezisikiliza. Alifika kwenye kichanja, akakigusa, akageuka akatupungia. Alipanda moja kwa moja, mbele mbele.

Nilimvua soksi. Kidole kilikuwa cheusi vilevile, lakini kikavu.

Vile vya mwanzo Bibi anarudi navyo Kihagara, kuna mtoto wa jirani. Amesema atampima kwanza, mbali na maji, na mwenye mguu asikae karibu na unyayo wake.

Mchana nilipokuwa nafagia niliiokota ile karatasi, imelowa kidogo, nikataka kuitia motoni. Mama akanizuia. Akaichukua, akainyoosha juu ya goti, akaikausha kwa kanga.

"Usiitupe," akasema. "Mwakani tutaweka unyayo mwingine juu yake, tuone amekua kiasi gani."

Aliisema kama mtu anayesema weka chumvi. Kisha akauliza kama maharage yameiva.

Nimeibandika ukutani. Baba Oti alipigilia msumari mwenyewe, mbali na ule wa futi.

Sasa maharage yameiva kweli, nasikia yanaanza kushika chini. Asubuhi nitashuka na Oti mpaka shuleni, mvua inyeshe isinyeshe. Mama amesema naye anakuja, ingawa anaogopa ukuta wetu. Nimemwambia avae viatu vyangu, ndala zitamwangusha. Ameniuliza, akiitazama miguu yake mwenyewe, kama ule mfuko wa saruji umebaki kipande.

Umebaki, Mama. Naenda kuchota maji ya matope.